Mzigo Ukae Wapi: Kombi ya Kijerumani na Mchanga wa Msimbati

Gari dogo la mizigo, yaani gari la magurudumu manne linalobeba chini ya tani moja kati ya shamba, ghala, gati na soko, halipimwi kwa ukubwa wa injini peke yake, bali kwa namna linavyojibu swali moja la msingi: dereva, injini na mzigo vikae wapi juu ya ekseli mbili? Mhadhara huu unashikilia kwamba jibu lililopatikana Ujerumani miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili bado ni kipimo kizuri cha magari yanayoihudumia pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, ambako njia nyingi zinazotoka kwenye lami huishia mchangani.

Tarehe 23 Aprili 1947 mfanyabiashara wa magari wa Uholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari lake sanduku lenye magurudumu, dereva akiwa mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Wazo hilo lilitokana na jambo alilolishuhudia katika kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg, kilichokuwa wakati huo chini ya usimamizi wa jeshi la Uingereza, ambako vipuri vilisombwa kwa vigari vya wazi vilivyoundwa kutokana na mabaki ya magari mengine. Heinz Nordhoff, aliyeshika uongozi wa kiwanda Januari 1948, aliruhusu kazi ianze. Lakini gari la kwanza la majaribio, ambalo bodi yake iliwekwa juu ya sakafu ya gari dogo la abiria, lilishindwa kuhimili uzito, na wahandisi wakalazimika kuunganisha bodi na mihimili ya chuma ya chini kuwa kitu kimoja kabla ya uzalishaji kuanza Machi 1950. Jina la aina moja ya gari hilo, Kombi, ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya gari la matumizi mchanganyiko, kwa kuwa viti vyake viling'olewa mzigo ulipopatikana na kurudishwa abiria walipopatikana.

Injini yake ilikuwa na silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,131 na nguvu za farasi 25 tu, nayo ilipozwa kwa hewa iliyosukumwa na feni badala ya maji ya rejeta. Thamani ya jambo hilo inaeleweka upesi kwa anayeifahamu nyanda ya Wamakonde, ambako mvua huzama ardhini na watu wa Newala kwa vizazi vingi wameteremka bondeni kuchota maji: injini isiyo na rejeta haimwombi dereva ndoo ya maji katikati ya mlima. Nguvu ndogo ya injini ilifidiwa kwenye magurudumu ya nyuma, ambako kila ncha ya ekseli ilifungwa gia za kupunguza mwendo, urithi wa gari la kijeshi la wakati wa vita; gia hizo ziliongeza msukumo wa gurudumu na papo hapo kuinua tumbo la gari juu ya ardhi.

Hata hivyo, ubora mkubwa zaidi ulikuwa katika mgawanyo wa uzito. Dereva akiwa juu ya ekseli ya mbele, injini nyuma ya ekseli ya nyuma, na mzigo wa takriban kilo 750 katikati, gari lilisimama kwa uwiano uleule likiwa tupu au likiwa limejaa. Gharama yake haikuwa ndogo: injini iliinua sakafu ya nyuma, hivyo mzigo ulipakiwa kwa milango ya ubavuni, na mlima mkali ulipandwa kwa mwendo wa pole. Lakini mchanga hauangalii kasi. Gurudumu linaloendesha hushika ardhi kwa kadiri linavyokandamizwa, na likikosa uzito huzunguka mahali pamoja na kujichimbia shimo.

Warithi wa gari hilo mkoani Mtwara leo ni wa Kijapani, nao wamechukua nusu tu ya urithi. Hiace, iliyoanza kutengenezwa 1967, na kirikuu, jina ambalo Watanzania wamezipa pikapu ndogo kama Suzuki Carry, zimemweka dereva mbele, lakini injini nayo imewekwa chini ya viti vya mbele. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka zao lake ghalani na kupewa stakabadhi kabla halijauzwa, uanze katika zao la korosho mwaka 2007, safari fupi ya kutoka kijijini hadi ghalani imekuwa na uzito mkubwa katika maisha ya mkulima. Kirikuu iliyotengenezwa kubeba kilo 350 ina haki ya magunia 4 ya kilo 80, wakati Kombi ya 1950 ingebeba 9. Ikiwa imepakia, kirikuu hupita vizuri. Shida huanza wakati wa kurudi tupu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito imebaki mbele na magurudumu ya nyuma, ndiyo yanayosukuma, yamekuwa mepesi.

Dereva anayeelekea Msimbati, kwenye mchanga wa pwani hiyo ya Mtwara, anaposimama mwisho wa udongo mgumu, akapunguza upepo matairini ili yatandaze unyayo wake, kisha akaweka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, analirudishia gari lake uzito uleule ambao wahandisi wa Wolfsburg waliupata kwa kuiweka injini nyuma.