Nani Ashike Ufunguo wa Mfongo?



Kila kiangazi kinapokaza, ugomvi wa maji huwa ni ule ule. Wa tambarare husema wa juu wameyafunga; wa juu husema mto wenyewe umepungua; na mtaalamu wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani anapopita na vifaa vyake vya kupimia, pande zote mbili humtazama kwa jicho la shaka. Hapo ugomvi wa zamu moja ya maji hugeuka kuwa maswali mawili mapana: ni nani mwenye mamlaka juu ya maji, na habari za mlima ziaminiwe kwa kinywa cha nani, mtaalamu au mzee wa mfongo?

Swali la mamlaka lina historia ndefu. Kabla ya ukoloni mfongo ulikuwa wa ukoo uliouchimba. Maji yalichepushwa kutoka mtoni mbali juu, yakaongozwa ubavuni mwa mlima, yakavushwa makorongo kwa magogo yaliyochongwa, hata yakafika kwenye vihamba. Aliyetoa jasho alipata zamu. Aliyekimbia kazi ya kuusafisha mfongo alitozwa faini au akakosa maji. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, aliisifu mifongo hiyo katika kitabu chake kuhusu Kilimanjaro cha mwaka 1924. Hata hivyo serikali ya kikoloni ilianza kuitilia shaka, na tangu hapo kila utawala umetaka kuiandika, kuipima na kuidhibiti.

Baada ya Uhuru ilitungwa Sheria Na. 42 ya mwaka 1974, na sasa inatumika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo maji yote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, mahali anapofika kihalali, hahitaji kibali. Anayechepusha mto, anayejenga banio au kuchimba bwawa, anakihitaji.

Hapa ndipo manung'uniko yanapoanzia, nayo si ya kubezwa. Watu ambao babu zao walichimba mfongo kwa majembe, bila ruzuku ya yeyote, wanaambiwa kwamba maji yaliyomo si yao na kwamba walipie ada ili waendelee kuyatumia. Upande wa pili serikali nayo ina hoja. Mto Himo hauishii Himo. Maji yake huungana na Ruvu, yakafika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na mbele zaidi mitambo ya Hale na Maporomoko ya Pangani huyasubiri ili umeme uwake. Mkulima wa Kilema hawezi kumwona mvuvi wa Nyumba ya Mungu, wala mvuvi hana njia ya kupanda mlima kudai zamu. Lazima pawepo mtu wa kuutazama mto wote kwa mara moja, na kazi hiyo hakuna ukoo unaoweza kuifanya.

Lakini kuwa na mamlaka ya kuutazama mto wote si sawa na kushika ufunguo wa kila mlango. Katika miaka ya 1990 baadhi ya mabanio ya Bonde la Pangani yaliwekewa milango ya kudhibiti maji, na wenye mifongo wengi waliipinga. Hawakuukataa upimaji wenyewe. Kilichowaudhi ni kuwa mlango uliwekwa kabla mazungumzo hayajafanyika. Ada nayo ina hila yake. Katika mabonde kadhaa nchini wapo walioielewa kama bei: nimelipa, basi nichukue nipendavyo. Kibali kiliwekwa ili kuzuia tabia hiyo hiyo! Tena kibali si ahadi kwamba maji yatakuwepo. Mto ukipungua, kila mwenye kibali hupunguziwa.

Kuhusu neno la mtaalamu, mlima huu una kisa chake. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji kileleni. Taarifa ilipofika London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikanusha kwa miaka mingi, akiamini kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Ilibidi zingojewe safari za Baroni von der Decken, mwaka 1861 na 1862, ndipo wasomi wa Ulaya wakaridhika. Wachagga walioamka kila asubuhi chini ya theluji hiyo hakuna aliyewauliza.

Kisa hicho hupendwa sana na wale wasemao kwamba wataalamu hawajui lolote. Kuna cha karibu zaidi wanachokipenda pia. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita, na barafu bado inaonekana. Je, walidanganya? Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Tarehe ilikosewa, mwelekeo haukukosewa. Msafiri akisema basi litafika Moshi saa sita na likafika saa nane, hakuna atakayedai kwamba basi lilikuwa linaelekea Tanga.

Wenyeji nao wana kosa lao katika habari hii ya barafu, maana wengi huamini kwamba mito inapungua kwa sababu barafu inayeyuka. Uchunguzi umeonyesha kwamba maji ya chemchemi na mito ya Kilimanjaro hutokana hasa na mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Msitu hupokea mvua, hunasa ukungu, na kuyaachia maji polepole ardhini. Moto unapopanda na kuula msitu wa juu, hasara ya maji hupita ile ya barafu kuisha. Kwa hiyo anayechoma asali ovyo msituni anamnyima maji jirani yake wa Himo kuliko jua linavyomnyima. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, jambo ambalo nalo limezua ugomvi wa kuni na majani ya ng'ombe usiokwisha mpaka leo. Ugomvi huo unastahili mkutano wake wenyewe.

Upande ambao wazee wa mfongo wamekuwa wakisikilizwa kidogo kuliko inavyostahili ni ule wa maji yanayopotea njiani. Mhandisi hupima maji yanapoingia mfongoni, akapima tena yanapofika shambani, na kukuta sehemu kubwa haipo. Hushauri mfereji usakafiwe kwa saruji au maji yapitishwe katika bomba. Mzee hujibu kwamba maji hayo hayajapotea: yamenywesha migomba iliyo kando ya mfongo, mengine yamezama ardhini. Wote wawili wana haki, kwa sababu wanapima vitu viwili tofauti. Mfongo ukisakafiwa, shamba la mwisho litapata maji mengi zaidi. Lakini kihamba kilicho njiani kitakauka, na kijito cha chini kilichokuwa kikilishwa na maji yaliyozama kinaweza kupungua. Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa, ni haki kuuliza kwa sauti: nani ataongezewa, na nani atapunguziwa?

Mfano wa mwisho ni zile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za mto shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya mto huo. Vijijini sheria hii husimuliwa kana kwamba imekataza kila kitu, na katika kihamba chembamba kilichobanwa kati ya kijito na barabara, mita 60 ni kihamba chote, pamoja na makaburi ya wazee. Kifungu hicho hicho kinampa Waziri uwezo wa kuweka miongozo ya shughuli zitakazoruhusiwa ndani ya eneo hilo. Basi anayejenga choo au banda la ng'ombe ukingoni hana pa kujitetea. Lakini ofisa anayefika na utepe na kuamuru kila mgomba ung'olewe anapaswa kuulizwa, kwa adabu, aonyeshe ni maneno gani ya sheria yanayosema hivyo.

Sheria ya mwaka 2009 imeacha milango ambayo wachache huipitia. Maombi ya kibali kipya hutangazwa ili atakayeathirika apate kuweka pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ana nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri. Na wenye mifongo ya mto mmoja wanaweza kuunda Jumuiya ya Watumia Maji inayotambuliwa kisheria, ambayo hugawa zamu, husuluhisha magomvi na kukusanya ada.

Jumuiya ya namna hiyo yenye wanachama wa juu peke yao itazaa manung'uniko yale yale ya Himo. Daftari lake linahitaji majina ya mifongo yote, mahali pa kila banio, na zamu zinazofuatwa sasa, yakiandikwa mbele ya watu wa juu na wa chini, wakati mto bado umejaa. Kiangazi kikishafika, kila mtu huikumbuka zamu yake kuwa ndefu kuliko ilivyokuwa.