Usukani Mgumu Asubuhi ya Baridi: Hotuba kwa Wananchi wa Mpaka wa Katuna



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni usukani unaokuwa mgumu wakati wa baridi. Mji wetu wa Kabale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai huwa na baridi kali. Katika saa hizo hizo, magari ya abiria huondoka, watoto huenda shule kwa miguu, na wauza viazi hujipanga kando ya barabara.

Asubuhi moja ya majira hayo tulilisimamisha gari la abiria ambalo dereva wake alikuwa akiuvuta usukani kwa mikono miwili kama mtu ang'oaye kisiki. Tulipomuuliza, alijibu, "Ni baridi tu, afande. Mbele litalegea." Tulifungua boneti pamoja naye. Mafuta ya usukani yalikuwa yameshuka chini ya alama, na mkanda wa pampu ulikuwa uking'aa kwa kuteleza. Dereva yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameizoea dalili hata akaacha kuisikia.

Ndugu zetu, mara nyingi baridi haizai ubovu; huufichua. Mafuta yakipoa huwa mazito, na pampu huyasukuma kwa shida. Gari zima huuvumilia uzito huo kwa dakika chache, kisha usukani huwa mwepesi. Gari lenye mafuta machache, mkanda uliolegea au sili zilizochakaa halina nguvu ya akiba, na ndiyo maana hulalamika kwanza asubuhi.

Basi tuanze na lililo rahisi. Pimeni upepo wa matairi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa bado baridi. Upepo hupungua kwa takriban pauni 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Kwa hiyo tairi lililojazwa mchana wa jua laweza kukutwa limepungua alfajiri. Matairi ya mbele yakikosa upepo, usukani huwa mzito hata kama pampu ni mpya.

Pili, tazameni kikopo cha mafuta ya usukani. Yakiwa yamepungua, msiongeze tu na kuondoka. Tafuteni yanakovuja, kwa maana mafuta hayo hayaliwi na injini. Yakiwa meusi au yana harufu ya kuungua, yabadilishwe. Tumieni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au katika kitabu cha gari. Kutia oili ya injini mahali pake ni kununua ubovu mwingine, kwani huwa nzito zaidi katika baridi na yaweza kuharibu sili.

Tatu, sikilizeni. Mlio mkali unapokata kona huashiria mkanda unaoteleza. Mngurumo wa pampu pamoja na mapovu kikoponi huashiria kwamba hewa imeingia. Kuitoa, fundi huinua magurudumu ya mbele, gari likikaa juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake. Kisha, injini ikiwa imezimwa, huzungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku akiongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe. Ikiwa katika hali hiyo usukani unakwama mahali fulani, chunguzeni jointi na reki, kwa kuwa ubovu hauko kwenye mafuta.

Magari mengi ya siku hizi hayana mafuta ya usukani kabisa. Husaidiwa na mota ya umeme. Kwa hayo, angalieni taa ya onyo kwenye dashibodi, betri, vichwa vyake na altaneta. Betri iliyochoka huonyesha udhaifu wake asubuhi ya baridi.

Kuna desturi moja tunayoisihi jamii iiache: kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, msaada wa usukani hutoweka, na ule wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Dereva hubaki na chuma kizito, kona, na watu walio mbele yake.

Hapa mpakani hatari huongezeka. Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda wanaendesha kulia. Kila gari linalovuka hubadili upande, na kila dereva hulazimika kuugeuza mwili na mazoea yake. Usukani unaochelewa kutii ni adui mahali hapo kuliko popote.

Abiria nanyi mna sauti. Mkimwona dereva akipigana na usukani, mwambieni asimame. Na wewe dereva, ukiona dalili, njoo kwetu au kwa fundi kabla hujapakia watu. Kukagua gari mapema hugharimu kidogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tungependa kulikagua gari lako likiwa limesimama salama, kuliko kulipima kwa futi kamba likiwa bondeni.

Tunawatakia safari njema, kwenda na kurudi.