Povu Katika Pipa la Bia: Nani Alipe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)

Ndugu wanachama, halmashauri imetuomba sisi wa karakana tuseme machache juu ya povu la bia. Wengine mmecheka. Lakini watumishi wa baa waliomo humu hawacheki, maana mwisho wa mwezi hukatwa mshahara kwa ajili ya povu hilo. Pipa la lita 50 lapasa kutoa bilauri 100 za nusu lita. Zikimwagwa 20 kwa povu, tajiri huuliza zimekwenda wapi, na aliye karibu ni yule mwenye kufungua bomba.

Sisi tunaofanya kazi ya breki za hewa tunajua tabia ya kitu kilichobanwa. Ndani ya bia mna gesi ya kaboni. Hutulia humo ikiwa bia ni baridi, tena imebanwa. Ikipata joto, au ikiachiliwa ghafula, gesi hutoka mbio, na hilo ndilo povu.

Basi pipa likipelekwa uwanjani kwa harusi, kwanza lishike ubavu kwa mkono. Pipa lililopigwa jua juu ya pikapu na kurukaruka njiani halitatoa bia njema, hata mtumishi awe fundi namna gani. Bia yataka digrii 3 au 4. Lifike tangu jana yake, liwekwe katika barafu na maji pamoja, kwa kuwa maji hugusa pipa pande zote, barafu peke yake haigusi. Mpira nao ulazwe katika barafu. Kama bilauri ya kwanza tu ni povu na ya tatu ni safi, joto limo katika mpira na bomba, si katika pipa.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea. Wakiona povu, hupunguza gesi. Povu hupungua kidogo, kisha lazidi, kwa sababu bia isiyobanwa huachilia gesi yake mle mle ndani ya mpira. Kwa baridi tuliyotaja, geji isome pauni 10 hadi 12 kwa inchi ya mraba, na iachwe hapo. Kazi ya kupunguza mbio ni ya mpira: upana wa ndani milimita 5, urefu mita 2 hivi. Tumeona baa moja ambako tajiri aliukata mpira ukabaki futi 2, usimsumbue, kisha akamkata mtumishi shilingi zake.

Washa ya kichwa cha pipa ikichakaa, gesi hujipenyeza ndani ya bia; ibadilishwe, bei yake ni ndogo. Bomba lifunguliwe lote, si nusu. Bilauri isuuzwe kwa maji baridi.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mtumishi. Jua si makusudi ya mtumishi. (Upungufu wa fedha za mauzo una masharti yake mengine; hayo si ya leo.) Kwa hiyo atakayekatwa kwa ajili ya povu amletee katibu wa tawi karatasi iliyoandikwa siku ile ile: pipa lilifika saa ngapi, geji ilisoma nini, na mpira ulikuwa na urefu gani.