Sakafu, Kiroboto na Ng'ombe Mmoja

Ndugu msikilizaji, nikitaja Malindi wengi watadhani nazungumzia ule mji wa pwani ya Kenya. La hasha. Malindi ninayoizungumzia leo iko juu ya milima ya Usambara, wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Ni nchi ya baridi, ya viazi, kabichi na karoti, na ya ng'ombe wa maziwa wanaokatiwa majani na kulishwa bandani kwa sababu hakuna mahali pa kuwachungia.

Watu wa milima hiyo wanawajua watafiti kuliko wengi wetu. Wajerumani walifungua shamba la majaribio huko Kwai, karibu na Lushoto, mwaka 1896, wakijaribu mazao na mifugo ya Ulaya. Mwaka 1902 wakaanzisha taasisi kubwa zaidi huko Amani, Usambara ya Mashariki. Ilikuwa elimu ya kweli, sibezi. Lakini swali lililowapandisha mlimani halikuwa la mkulima wa Kisambaa. Lilikuwa la mlowezi na kampuni yake.

Swali la mkulima lilikuja kuulizwa kwa msiba. Mwaka 1980 tauni ilizuka Lushoto. Mtu alipata homa kali, mitoki ikamvimba kinenani au kwapani, na asiyewahishwa dawa aghalabu alikufa. Ugonjwa haukuondoka. Ulirudi karibu kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na walioandikwa kuugua walipita 7,000. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Kwa wilaya moja ya milimani, hayo si mambo madogo.

Hapo wataalamu wetu walifanya kazi ninayoiheshimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwapandisha watu wake Usambara kutega panya na kuchunguza viroboto, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Ubelgiji. Jambo la kwanza walilotilia mkazo ni rahisi kulisema na gumu kulitii: usianze na panya, anza na kiroboto. Mwenye nyumba akisikia tauni hukimbilia mtego na sumu. Panya akifa, damu yake hupoa, naye kiroboto aliyekuwa juu yake humwacha na kutafuta mwili wenye joto. Mwili wa karibu ni wa mtoto aliyelala chini. Kwa hiyo unyunyize kwanza dawa ya viroboto ndani ya nyumba na katika njia za panya, ndipo umshughulikie panya. Ukigeuza utaratibu, umeukaribisha ugonjwa kitandani.

La pili lilichapishwa mwaka 2007, na kwangu ndilo zito zaidi. Watafiti walikusanya viroboto katika vijiji 12 vya Lushoto, wakakuta kwamba wengi wa waliopatikana majumbani hawakuwa viroboto wa panya. Walikuwa kiroboto wa binadamu, yule anayekaa katika vumbi la sakafu na katika matandiko. Tena kule ambako tauni ilikuwa imepiga zaidi ndiko kiroboto huyo alikokuwa mwingi zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ndiye aliyeubeba ugonjwa kutoka mtu hadi mtu, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini linatosha kutufanya tuitazame sakafu.

Itazame basi, ndugu msikilizaji. Nyumba nyingi za huko zina sakafu ya udongo. Mahindi yamewekwa darini juu ya moshi, na panya wako huko huko juu. Kuku na mbuzi, kwa ajili ya baridi na wezi, hulala chini ya paa hilo hilo. Watoto hulala chini, wengine juu ya godoro la majani. Kiroboto wa binadamu hutaga mayai yake katika vumbi na nyufa za sakafu ya namna hiyo, na ufagio haumfikii. Sakafu ngumu isiyo na nyufa humpunguzia makao.

Sasa sakafu ni kazi ya nani? Bwana afya atasema ni ya fundi ujenzi. Fundi atasema ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba atatazama bei ya mfuko wa saruji baada ya kupandishwa mlimani kwa lori, kisha atanyamaza. Lakini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi ulifundisha jinsi ya kuchanganya udongo wa mahali na saruji kidogo, kuushindilia, na kupata tofali imara kwa gharama nafuu. Ikiwa udongo unaweza kusimama ukutani kwa saruji kidogo, swali la udongo huo kulala sakafuni ni la kihandisi, na lina thamani kuliko maghorofa mengi tunayoyasifu. Mimi ningependa kuwaona wahandisi hao wakikaa meza moja na wale wa viroboto. Kila mmoja ana nusu ya jibu mkobani.

Na nikiri kwamba hapa hunijia kicheko kidogo. Chuo hicho cha Morogoro ndiko pia wanakofunzwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Alistahili. Ila nimewahi kuulizwa na mama mmoja wa huko milimani, kwa upole kabisa, kama wale waliohesabu viroboto wa nyumbani kwake walipata wangapi, maana hawakurudi kumwambia. Panya amerudishiwa shukrani yake, na mama bado anangoja hesabu.

Si kwamba tunashindwa kuufikisha utafiti kwa mwenye shida. Pale Tanga mjini kipo kituo cha utafiti wa mbung'o. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o waliofugwa hapo kwa mamilioni, madume wakiwa wamehasiwa kwa mionzi, walipelekwa Unguja na kumwagwa kutoka angani kwa ndege ndogo. Jike akipandwa na dume wa namna hiyo hazai. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alionekana mwaka 1996, na mfugaji wa kisiwani akapumzika na nagana. Wahandisi, marubani na mabwana mifugo walifanya kazi moja.

Lipo la ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na unaowaua hasa ng'ombe wa kigeni na machotara. Chanjo yake ilibuniwa Muguga, Kenya. Ng'ombe huchomwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe pamoja na dawa ya kuvidhibiti, naye hupata kinga ya muda mrefu. Ni chanjo nzuri iliyofungwa vibaya kwa mtu wa Malindi. Huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, ndani ya mirija, na mrija wa kawaida hutosha ng'ombe 40. Ukishayeyushwa ni lazima utumike katika saa chache, haurudishwi. Kwa Mmasai mwenye zizi la ng'ombe 200 hakuna tatizo. Kwa mama mwenye ng'ombe mmoja nyuma ya jiko, ng'ombe ambaye ndiye ada ya shule na ndiye mbolea ya kabichi, mrija huo ni kejeli.

Tauni imetulia Lushoto. Madagaska nako ilikuwa ikija na kutulia, hadi mwaka 2017 iliposhika zaidi ya watu 2,000 katika miezi michache. Panya wa Usambara wako pale pale, na sakafu nyingi ni zile zile.

Halmashauri haihitaji kungoja mfadhili kwa yote haya. Mrija wa chanjo unataka ng'ombe 40 siku moja, mahali pamoja, na kata nzima haikosi ng'ombe 40. Bwana mifugo na aanze kuwaandika, nyumba kwa nyumba, na katika daftari hilo hilo, akiwa tayari yuko mlangoni, aandike na sakafu ni ya nini.