Mlima, Mbu na Taya la Mtoto



Kila mkazi wa Moshi anajua kuwa kadiri unavyopanda mlima, ndivyo malaria inavyopungua. Kule Mabogini kwenye mpunga mbu ni wengi. Ukifika vihambani juu kabisa, baridi huwashinda. Juma hili nataka kueleza kwamba ipo saratani inayofuata mpaka huo huo.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe unaoshika mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000 hivi, toka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: je, mmeuona ugonjwa huu? Majibu yakachora ramani. Karibu na ikweta, uvimbe huo ulikuwa nadra sana kwenye miinuko inayopita mita 1,500. Ulifuata joto na mvua, yaani ulifuata mbu.

Mwaka 1964 huko London, Epstein, Achong na Barr walikuta virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Lakini virusi hivyo karibu sote tunavyo, na wengi wetu havitudhuru. Kwa nini basi viwageukie watoto wa nchi zenye malaria? Wataalamu wanaeleza kwamba malaria inayorudi mara kwa mara huchochea chembe nyeupe za damu zizaliane kupita kiasi, na papo hapo hudhoofisha kinga inayovizuia virusi. Katika haraka hiyo, chembe moja ikiharibika, saratani huanza.

Ndiyo maana mimi siafiki kauli ya "ni malaria tu". Homa inapita, lakini kazi yake mwilini inaendelea. Chandarua kinachofunika kitalu cha mchicha kilitolewa kimfunike mtoto.

Na mtoto akivimba taya, meno yakalegea, tusiishie kung'oa jino. Akivimba tumbo, tusikimbilie kusema amelogwa. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Hata hivyo, ukiwahiwa, dawa huponya watoto wengi. Hospitali ya KCMC tunayo hapa hapa mjini. Mzazi anayengoja mwezi upite ndipo apande gari, anampokonya mwanawe nafasi hiyo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.