Danieli Hakula Mboga Peke Yake

Mkipata nafasi, someni Danieli sura ya 1. Vijana wanne wa Yuda, wakiwa mateka Babeli, waliomba wapewe mboga na maji badala ya chakula cha mfalme. Wakajaribiwa siku 10, na nyuso zao zikaonekana njema kuliko za wenzao. Twamsifu Danieli kwa ushujaa wake. Leo tuangalie jambo dogo: hakula mboga zile peke yake.

Nasema hivi kwa ajili ya ndugu zetu waliopatwa na kiharusi. Kule Muhuru Bay mvuvi hupiga kasia na kuvuta nyavu usiku kucha. Ugali mwingi anaokula huishia kazini. Sasa mkono umepooza, ashinda ameketi chini ya mti, lakini sahani ni ile ile. Chakula kisichotumika mwili hukiweka kuwa mafuta. Uzito ukizidi, presha hupanda, ugonjwa wa sukari hukaribia, na hatari ya kiharusi cha pili huongezeka. Tena mguu ulio dhaifu hulemewa. Mkewe hamjazii sahani kwa ubaya. Amjazia kwa upendo. Lakini upendo nao wapaswa kujifunza kipimo kipya.

Basi tufanyeje? Ugali upungue, mboga ziongezeke: osuga, akeyo, sukuma wiki. Ngege na omena wachemshwe, wasizamishwe katika mafuta. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula, isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo samaki wa chumvi aachwe. Soda na sukari ya chai vipunguzwe, sigara na pombe viachwe. Atembee kila siku, hata kama ni kutoka mlangoni hadi langoni akishikwa mkono, akiongeza hatua kidogo kidogo. Wala asijinyime chakula ghafula, na asifunge bila kumwuliza daktari. Aliyekonda kwa sababu hupaliwa akimeza, huyo hahitaji kupunguza, apelekwe hospitali.

Tena, dawa ya presha isiachwe kwa kuwa mtu ameombewa na kujisikia vizuri. Presha hupanda kimya kimya bila maumivu. Kipimo ndicho huifichua. Kumeza dawa si kukosa imani.

Na sasa turudi kwa Danieli. Alikuwa na wenzake watatu mezani. Mgonjwa wetu asipikiwe chungu chake cha upweke, akala huku akitazama wengine wakifurahia vya kukaanga. Nyumba nzima ile chungu kimoja. Chakula kimfaacho yeye chawafaa na watoto. Nasi kanisani, tukipakua chakula cha wageni au cha matanga, tusimshurutishe anayesema kimetosha.

Tuombe. Ee Bwana, watie nguvu waliopooza, nasi utufundishe kuketi nao mezani na kutembea nao njiani, hatua kwa hatua. Amina.