Jeshi Lililobaki Sandukuni



Yapo mambo madogo ambayo tukiyatazama kwa makini hutufundisha makubwa. Leo tuutazame mchezo wa vita vya mezani, unaopendwa sana huko Uingereza na katika nchi nyingine. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea, kiitwacho Little Wars. Na tangu mwaka 1983 mchezo wa Warhammer umepata wafuasi wengi. Wachezaji hupanga majeshi ya sanamu za plastiki au za madini, nyingi zikiwa na kimo cha sentimita tatu hivi. Aghalabu sanamu hizo huuzwa bila rangi. Mnunuzi huziunga kwa gundi, huzipaka rangi ya kwanza ili nyingine zishike, kisha kwa brashi nyembamba hufuata nguo, ngozi na silaha.

Hapo ndipo penye shida. Kununua ni kazi ya dakika chache. Kupaka rangi ni kazi ya majuma. Basi makasha hurundikana kabatini, na kilichonunuliwa kwa furaha hugeuka mshitaki wa mwenye nacho. Wachezaji wenyewe huliita rundo la aibu.

Tufanye hesabu. Tuseme mtu hupaka sanamu mbili kila juma, naye hununua kasha la sanamu kumi kila mwezi. Huyu si mvivu. Lakini kwa majuma 52 atakuwa amepaka 104, na kununua 120. Baada ya mwaka mzima wa bidii, rundo limeongezeka kwa 16. Kilichomshinda si mkono wake, bali tamaa isiyopimwa.

Waliofaulu kulipunguza rundo hufanyaje? Kwanza huhesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Hawasemi, "Mwaka huu nitamaliza yote." Husema, "Hawa watano, kabla ya mwisho wa mwezi." Huwapaka wote watano rangi moja, ndipo waishike rangi ya pili. Huahidiana na mwenzao siku ya kucheza, ili ahadi iwasukume. Hawafungui kasha jipya kabla ya kumaliza la zamani. Tena hujua kiasi: mashindano mengi hutosheka na sanamu yenye rangi tatu, na anayengoja ustadi kamili hamalizi hata mmoja. Zile wanazojua hawatazipaka kamwe, humpa mwingine.

Wapendwa, je, sisi hatuna rundo letu? Kuna kitambaa kilichonunuliwa kisishonwe, matofali yaliyofyatuliwa yakaota nyasi, barua ya ndugu isiyojibiwa, mgonjwa tuliyeahidi kumtembelea. Injili hutukumbusha mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Nasi tuketi, tuhesabu. Sanamu itangoja kabatini miaka kumi isidhurike; mgonjwa huenda asingoje.

Haba na haba hujaza kibaba: ndivyo rundo lilivyokua, na ndivyo litakavyopungua. Basi leo, kabla jua halijatua, tuchague jambo moja tu lililolala, tulipangie siku, na tusianze jingine mpaka hilo limekwisha.